Muulize Maalim: Umeona nini, wapi, saa ngapi?

Mwezi uliopita niliandika hapa mistari michache tu, kwamba mtu yeyote anaweza kuandikisha mnyama, ndege au mdudu aliyemwona mtaani kwake, na taarifa hiyo ikamfaa mtafiti. Sikutarajia barua kumiminika namna ile. Wengine wameuliza kwa hamu, wengine kwa hasira, na bwana mmoja wa Magongo amenitumia picha ya mguu wake ulioumwa na siafu. Pole, bwana. Zilizobaki nimezifupisha, na majina nimeyaacha kando kwa sababu mji wetu huu wa Mombasa ni mdogo.

Maalim, shikamoo. Nakaa Tudor, karibu na mkono wa bahari. Usiku kuna kitu juu ya mwembe wetu kinalia kama mtoto mchanga. Mume wangu asema ni komba. Mama mkwe asema huyo si mnyama. Picha haitoki, ni giza tupu. Je, naweza kuripoti kitu nisichokiona? Na naripoti wapi?
*Mama wa watatu, Tudor*

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe mwachie yake, usije ukanitia mimi kwenye kesi ya nyumbani. Mume wako huenda amepata. Komba anapenda miembe na minazi, na wagema wa Pwani wanamjua vizuri kwa kuwa huwatangulia kwenye tembo. Watu hawakusema bure "amelewa kama komba".

Lakini "huenda" haitoshi, na picha si lazima. Sauti ni ushahidi kamili. Akianza kulia, zima feni, fungua dirisha, washa kinasa sauti cha simu na uinyooshe nje kwa dakika moja. Waambie watoto wanyamaze, kama inawezekana. Kabla ya kuzima, taja wewe mwenyewe tarehe, saa na mtaa. Ukitaka kummulika, funika tochi kwa kitambaa chekundu na utafute macho yanayong'aa, kisha zima. Macho yale makubwa yameumbwa kwa giza, na mwanga mkali humwumiza.

Pa kupeleka ni iNaturalist, programu ya bure iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na leo hutumika dunia nzima. Unafungua akaunti, unaweka picha au sauti, tarehe, mahali, na jina unalodhani. Hujui jina? Andika "mamalia" tu, inatosha. Watu wengine wataitazama au kuisikiliza na kutoa maoni. Wakikubaliana angalau wawili juu ya aina, na waliokubaliana wakiwa zaidi ya theluthi mbili ya waliosema, taarifa yako hupanda hadi daraja la utafiti, kisha huingia kwenye hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe, GBIF, yenye makao Copenhagen, ambako mtafiti yeyote anaisoma.

Kuna mambo yanayoharibu taarifa nyingi za hapa kwetu, nami nayasema kwako ili wote wasikie. La kwanza ni saa. Simu ikipiga picha, saa huingia yenyewe. Balaa huanza tunapojaza kwa mkono. Saa mbili usiku yetu ni 20:00 ya simu. Nimewahi kuiona taarifa ya chozi akinyonya maua ya mwarobaini saa 2:00, yaani usiku wa manane, wakati ndege wote wa aina hiyo wamelala. Mwandishi alikusudia saa mbili asubuhi. Mtafiti aliye mbali hawezi kukisia hilo. Ama ataitupa taarifa, ama atadhani Mombasa kuna machozi ya ajabu.

La pili ni WhatsApp. Picha ikishapita huko, tarehe na mahali vilivyofichwa ndani yake hufutika. Kwa hiyo usichukue picha ya chui aliyezungushwa kwenye grupu la ukoo ukaiweka kama yako. Hujui ilipigwa Shimba Hills au India. Mwenye kuona ndiye mwenye kuandika.

Na wewe, mama wa watatu, kwa kuwa komba wako yuko uani, ukifika pa kuweka mahali chagua kuficha. Programu itaonyesha nukta popote ndani ya eneo la kama kilomita 22 kila upande, yaani kisiwa chote na zaidi. Wewe na komba mtabaki salama. Chagua hivyo wewe mwenyewe, kwani programu huficha yenyewe wale tu waliohesabiwa kuwa hatarini.

Assalaam alaykum Maalim. Sisi wavuvi wa Mtongwe, wakati wa kusi tuliona nyangumi wawili nje ya mwamba, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Simu yangu ni mulika mwizi. Nimwambie nani, na nani ataniamini bila picha?
*Mvuvi, Mtongwe*

Waalaykum salaam, nahodha. Utaaminiwa ukisema vizuri, na nyinyi wavuvi husema vizuri kuliko watalii. Mtalii ataandika "niliona nyangumi Mombasa". Wewe unajua ulikuwa wapi kwa kupanga alama za nchi kavu: mnara wa taa wa Ras Serani ulikuwa upande upi, na nyuma yake ulikiona nini. Hiyo ni ramani. Usiidharau.

Mliowaona yaelekea ni nyangumi wenye nundu. Wanatoka bahari baridi za kusini, kuzunguka Antaktika, wanakuja maji ya joto kuzaa na kunyonyesha, na pwani ya Kenya huonekana zaidi kati ya Julai na Septemba. Mmoja mkubwa na mmoja mdogo ni mama na mwana, na hilo ndilo jambo la kutaja kwanza. Kisha taja idadi, walielekea upande gani, walikuwa wakiruka au wakipita tu, saa, na kama maji yalikuwa ya kujaa au kupwa. Kama hukuhakikisha, sema hukuhakikisha. "Wawili, labda watatu" ni jibu zuri kuliko "watatu" la kujifurahisha.

Tangu 2011 kuna mtandao uitwao Kenya Marine Mammal Network unaokusanya taarifa za nyangumi na pomboo kutoka kwa wavuvi, mashua za watalii na wapiga mbizi. Huna haja ya intaneti. Mpe katibu wa BMU yenu, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, aandike na kuipeleka, au mkipita Mkomani ingieni taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, makao yao makuu yako pale. Mtakaribishwa. Wanasayansi wa bahari wanajua vizuri ni nani anayelala baharini.

Siku mkiwa na kijana mwenye simu nzuri chomboni, mwambie asihangaike na mgongo. Asubiri nyangumi azame, mkia ukiinuka apige upande wa chini. Weusi na weupe wa pale ni tofauti kwa kila mmoja, na kwa alama hizo nyangumi aliyeonekana huku anaweza kutambuliwa kwingine. Papa shilingi naye hujulikana kwa madoa yake, hasa ya ubavuni nyuma ya matamvua. Ila msimfukuze mnyama kwa ajili ya picha. Mama mwenye mwana akibadilisha njia kwa sababu yenu, mmeshakaribia mno.

Jambo moja zaidi, nalisema kwa mkazo: mkimwona nguva, hai au amenasa, peleni habari siku hiyo hiyo. Pwani hii wamebaki wachache mno, na kila anayeonekana ana uzito. Akiwa amekufa, msimkate. Piga picha, weka kasia pembeni ionyeshe urefu, mwite mwenyekiti wa BMU na watu wa KWS, shirika la wanyamapori. Najua kuna wanaoogopa kusema kwa kudhani watalaumiwa. Ndiyo maana nasema pitieni BMU, msiende mmoja mmoja.

Ami, huwa natembea ufuoni Shanzu alfajiri. Nimeona alama mchangani kama za tairi la trekta, zimetoka majini zikapanda juu. Nikapiga picha nikaziweka kwenye grupu la mtaa na jina la hoteli iliyo karibu. Rafiki yangu akanikaripia. Nimekosa nini?
*Kijana, Shanzu*

Rafiki yako ana akili, mshike. Hizo ni alama za kasa aliyepanda kutaga. Mayai huchukua kama miezi miwili kuanguliwa, na kwa miezi yote hiyo yamelala pale bila mlinzi. Wewe umewatangazia watu mia mbili na kitu, nusu yao huwajui, mahali pa kuchimba. Futa leo.

Kisha fanya hivi. Ukiziona tena, piga picha ya alama na ndara yako pembeni kupimia upana. Tazama makovu ya makasia yake, yaani miguu ya mbele: yakiwa sambamba kushoto na kulia, yaelekea ni kasa wa kijani, ambaye njia yake hufika upana wa karibu mita moja. Yakiwa yanapishana, kushoto kisha kulia, huenda ni ng'amba. Usiingize kijiti kutafuta mayai, usiweke bendera, na alama usizifute mpaka anayehusika azione. Mwambie ofisa wa KWS wa hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, au BMU ya hapo. Askari wa usiku wa hoteli pia muulize kwa upole. Wengi wao wanajua kasa wanapopandia kuliko meneja anavyojua vyumba vyake.

Na iNaturalist je? Weka, lakini chagua kuficha mahali, kama nilivyomwambia mama wa watatu. Ila programu inaficha nukta ya ramani tu, picha yako haiifichi. Kibao cha hoteli kikionekana nyuma, umefichua mwenyewe. Piga ukielekea chini.

Taa ni habari nyingine, na hapa nina neno na wenye nyumba za ufuoni. Vifaranga wa kasa hufuata mwangaza wa upeo wa bahari. Mkiacha taa kali zikielekea mchangani, wanapanda barabarani. Kijana, ukiona njia ndogondogo za vifaranga zikielekea bara, hiyo pia ni taarifa, na pengine ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Maalim, mimi ni mwalimu mwenzako, Changamwe. Klabu yetu ya mazingira inataka kuanza kuripoti wanyama, lakini hapa kwetu kuna kunguru, mijusi na moshi wa malori. Kuna maana?
*Mwalimu, Changamwe*

Mwalimu, barua yako ndiyo niliyoisubiri. Kila mtu anataka kuripoti kitu adimu. Kunguru hakuna anayemwandika, kwa kuwa yupo kila mahali, na matokeo yake ndiyo haya: ndege anayejulikana kuliko wote Mombasa, ukiuliza walikuwa wangapi mtaani kwako mwaka fulani, jibu ni mkono hewani.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu asili yake ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasaidie kula taka, wakazaliana, na kufikia 1947 walishafika Mombasa. Kazi ya taka waliifanya, lakini wakaongeza na nyingine: wakawa wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, wanavamia vifaranga vya kuku, wananyakua andazi mkononi mwa mtoto. Wazee wa rika langu wanakumbuka uani kuimba zaidi ya sasa. Nami nakumbuka. Lakini kumbukumbu ya mzee, hata ikiwa ya kweli, huwezi kuichorea mstari kwenye grafu.

Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru hawa kwa sumu maalumu, ikilenga milioni moja. Uwe unaupenda mpango huo au huupendi (mimi sina machozi ya kumlilia kunguru, ingawa sumu naiogopa popote ilipo), swali ni lile lile: tutajuaje wamepungua? Kwa hesabu za kabla na baada. Na hizo hazihitaji ofisi. Zinahitaji watoto, daftari na mkwaju mmoja ambao kunguru wanalala.

Basi chagueni mti mmoja au paa moja. Siku moja kila wiki, ile ile, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo jioni hadi giza, wahesabu wanaoingia. Wawili wahesabu mbalimbali bila kuambizana, mwisho waandike zote mbili, wasizipatanishe. Hesabu zikitofautiana, tofauti hiyo nayo ni habari, inaonyesha jinsi kuhesabu kundi kulivyo kugumu. Siku ambayo hawakuja, andikeni sifuri. Watoto huona aibu kuandika sifuri, wanadhani wameshindwa. Wafundishe kwamba sifuri ya mtu aliyekaa akatazama ni tofauti na ukurasa mtupu wa mtu aliyebaki nyumbani.

Wafundishe pia kutofautisha. Yuko kunguru wetu wa asili, mweusi mwenye kifua na ukosi mweupe safi kama kanzu ya Ijumaa. Huyo si mgeni, na akionekana mjini aandikwe peke yake. Kunguru aliyekufa wasimguse, hasa kwa ajili ya ile sumu. Wamwandike tu.

Mijusi usiipuuze. Wale mjusi kafiri wanaokaa kwenye taa ya veranda si lazima wawe aina moja, na wale wadogo wanaotembea mchana juani kwenye shina la mnazi ni jamaa wengine kabisa. Picha ya kichwa, ya mgongo na ya vidole vya miguu, hapo mjuzi wa mijusi aliye popote duniani anaweza kukusaidia.

Kuhusu akaunti: iNaturalist inataka mwenye akaunti awe ametimiza miaka 13, au mzazi atoe ruhusa. Wadogo waandike daftarini. Nyuso za watoto zisiingie kwenye picha.

Mzee, hizi data si ndizo Wazungu wanachukua bure wakaandikia vitabu? Mimi nalipwa nini? Bando nanunua mwenyewe.
*Dereva wa tuktuk, Bamburi*

Hulipwi kitu. Na akitokea mtu akakuambia ulipe ada ya kujiandikisha uwe mwanasayansi wa wananchi, huyo ni mwizi, mkimbie.

Malalamiko yako nayaelewa, tena nusu yake nayakubali. Wanyama na mimea ya Pwani ilikusanywa zamani ikapelekwa majumba ya makumbusho ya Ulaya, na mtoto wa Kwale akitaka kuitazama ilimbidi apande ndege. Hii mpya ina tofauti moja: taarifa ziko wazi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa au wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi anazipakua bure kama yule wa London. Picha inabaki na jina lako, na wewe ndiye unayechagua masharti ya wengine kuitumia. Nusu nisiyoikubali ni ile ya kususa. Mashine inayopendekeza majina kwenye programu hujifunza kutokana na picha ilizopewa. Huko Marekani na Ulaya wameipa nyingi mno, sisi kidogo. Ndiyo maana ukiionyesha mdudu wa Kisauni, inaweza kukutajia mdudu wa California kwa ujasiri wote. Tukisusa, itaendelea hivyo.

Bando: piga picha mchana bila intaneti, pandisha ukifika penye waifai.

Halafu, ndugu yangu, wewe una kitu ambacho profesa hana. Unapita barabara ile ile kutwa. Mnyama aliyegongwa kati ya Bamburi na Mtwapa, awe nguchiro, fungo au komba, wewe ndiye wa kwanza kumwona kabla kunguru hawajamaliza. Diani, shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, limefunga ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega na kima wavuke bila kushuka kwenye lami. Huwezi kujua pa kufunga ngazi kama hujui wanapogongwa. Egesha kwanza, washa taa za tahadhari, na abiria akilalamika mwambie Maalim ndiye aliyekutuma.

Maalim, nawapenda ndege lakini kamera sina, simu yangu inapiga nukta nyeusi tu angani. Nifanyeje?
*Msichana, Mji wa Kale*

Wewe unafaa Kenya Bird Map. Haihitaji picha hata moja, inahitaji macho na uaminifu. Ni mradi ulioanza 2013, Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya wakiwa miongoni mwa wenyewe. Nchi imegawanywa katika vipande viitwavyo pentadi, kila kimoja kama kilomita tisa kwa tisa. Unachagua kipande, unatembea angalau saa mbili, na unaandika kila aina ya ndege kwa mpangilio uliomwona au kumsikia. Unaweza kuongeza hadi siku ya tano. Programu ya simu inayotumika ni BirdLasser.

Angalia jambo hili: mstari wa pentadi unakata kisiwa chetu. Mji wa Kale uko upande wa mashariki, Makupa upande wa magharibi. Ukianza Ngome ukaishia Makupa umeshavuka, na orodha ni mbili.

Anza na unaowajua. Shore, mwewe, yangeyange, chozi. Maji yakipwa nenda ukatazame sululu na wenzake wa matopeni, wageni wanaoshuka kutoka kaskazini kuanzia Agosti na wengi wao kuondoka ifikapo Aprili. Usiyemjua mwache, usimpe jina la kubahatisha. Orodha ya ndege kumi na wanne wa hakika ni bora kuliko thelathini wenye mashaka.

Na ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, soma namba na maandishi yote, piga picha pande zote za pete, peleka Nature Kenya au Makumbusho. Wanaofunga pete pale Ngulia, Tsavo Magharibi, wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1969, na pete moja iliyookotwa huonyesha njia ya safari nzima.

Nimepiga picha nzuri ya kiboko wa Haller Park. iNaturalist imeiita "ya kawaida" na haikupanda daraja. Mbona ubaguzi?
*Msomaji, Kiembeni*

Kwa sababu kiboko yule hakuamua kukaa pale. Wanyama wanaofugwa au kufungiwa mahali hawasemi lolote kuhusu mahali aina yao inapoishi yenyewe. Lakini rudi pale pale ukatazame chini ya mivinje: yale majongoo makubwa yenye miguu myekundu. Pale palikuwa machimbo ya saruji, na yalipoanza kupandwa miti mwaka 1971, majani ya mivinje yalirundikana bila kuoza, na jongoo ndiye aliyeyasaga yakawa udongo. Sasa anajizalia na kutembea apendapo. Mpige picha huyo.

Maalim, nyoka akiingia ndani, nipige picha kwanza au nikimbie kwanza?
*Mama mwenye nyumba, Mikindani*

Kimbia. Watoe watoto, funga mlango, ziba chini yake kwa kitambaa, mweke mtu wa kumwangalia dirishani asipotelee, kisha piga simu KWS au kwa mtu mwenye ujuzi wa kukamata nyoka. Picha ni ya kupitia dirishani au haipo.

Kama majirani wameshamuua, na najua wameshamuua, bado anaandikika. Usimshike, maana hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma. Piga kwa mbali kidogo urefu wote, kisha kichwa kutoka juu na kutoka ubavuni, na tumbo kama amelala kifudifudi mgeuze kwa fimbo ndefu. Andika alikuwa jikoni, chooni au darini. Akimuuma mtu, msipoteze muda kumsaka nyoka wala kufunga kamba mguuni. Mlaze mgonjwa, mguu usitikisike, mkimbizeni hospitali. Picha mkiwa nayo tayari, mwonyesheni daktari.

Mwezi ujao nitajibu barua za popo wa mibuyu ya Mama Ngina, ambazo ni nyingi kuliko nilivyodhani. Anayetaka kuniandikia kuhusu mizimu ya mibuyu hiyo hiyo, aandike pia ilikuwa saa ngapi.